Kaburi la Bwana Peabody

Katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani, pana makaburi yaitwayo Harmony Grove, yaliyofunguliwa mwaka 1840 kwa mtindo uliokuwa mpya siku zile, wa kuwazika wafu si katika uwanja mfinyu wa kanisa katikati ya nyumba za watu, bali katika bustani pana yenye miti, vilima na njia zinazopinda, ili waliofiwa wapate mahali pa kutembea taratibu na kutafakari. Humo wamezikwa jamaa wa ukoo wa Peabody, na kati yao amelala George, mtoto wa tatu katika watoto wanane wa mzee Thomas, penye sanduku la jiwe la matale. Mpita njia asiyejua habari zake angedhani kwamba hapo amezikwa mfanyabiashara mmoja wa mji, aliyefanikiwa kiasi, akapendwa na jamaa zake na kuwekewa jiwe la heshima kama walivyowekewa wenzake. Wala asingejua kwamba mwili wa mtu huyo, kabla ya kufikishwa hapo, ulilazwa siku thelathini katika kanisa la Westminster Abbey, walimozikwa wafalme wa Uingereza, ukavushwa bahari ya Atlantiki kwa manowari ya Malkia Victoria, na kupokewa bandarini na admirali mashuhuri kuliko wote wa Marekani.

Mtu aliyefunguliwa mlango wa kulala miongoni mwa wafalme, na wasia wake ukawa umekwisha kuamua kwamba atalala karibu na mama yake, ametuachia swali linalostahili kujibiwa kwa utulivu: je, kaburi la tajiri lafaa lisimamishwe kwa ajili ya nini, na kwa ajili ya nani? Jibu la Peabody halikuandikwa juu ya jiwe lake. Limo katika maisha yake, na hasa katika utaratibu alioufuata katika kuyalipa madeni yake, yale ya fedha na yale ya moyo, akianza na yaliyo karibu na kumalizia na yaliyo mbali.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1795 katika kitongoji cha South Danvers, jirani na Salem, katika nyumba ya mkulima aliyekuwa pia fundi wa ngozi, ambaye hakuwa na urithi wa kumpa mwanawe ila jina. Masomo yake yalikoma alipofika umri wa miaka kumi na mmoja, kwa kuwa nyumba ya watoto wanane haikuweza kumwacha mmoja aendelee kukaa darasani. Akapelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la Bwana Sylvester Proctor, ambako alifagia, akapanga bidhaa, akapima na kuuza, na jioni akaandika hesabu za siku kwa mwandiko safi uliokuja kumpatia imani ya watu wakubwa kuliko yeye. Elimu yake yote ya biashara ilitoka katika duka lile. Na hapana budi tulikumbuke jambo hili, kwa sababu mtu huyu aliyekuja kujenga maktaba, vyuo na makumbusho, alikuwa amenyimwa na umaskini kile kile alichokuja kuwapa wengine, wala hakuacha maisha yake yote kuliona pengo lile.

Mwaka 1811 ulimjia kwa misiba miwili iliyofuatana. Mwezi wa Mei baba yake alifariki, akiacha madeni kuliko mali; na kabla mwezi haujakwisha, moto mkubwa uliuteketeza mji wa Newburyport, alikokuwa akifanya kazi katika duka la kaka yake, ukaangamiza biashara na matumaini ya vijana wengi. Nyumba ya wazazi ilikuwa imewekwa rehani, na mama yao, Bibi Judith, pamoja na watoto wadogo, wakalazimika kuihama na kwenda kukaa kwa jamaa. George alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alifuatana na ami yake, aliyekuwa amefilisika kwa moto ule ule, wakaelekea kusini hadi Georgetown, kando ya mto Potomac, wakafungua duka dogo la nguo, na kwa kuwa ami yake hakuwa na uangalifu wa biashara, mzigo wa duka ulimwangukia kijana.

Ni huko ambako alikutana na Elisha Riggs, mfanyabiashara mwenye umri na mtaji, ambaye aliona katika kijana yule tabia ambayo wenye mtaji huitafuta kuliko akili, yaani uaminifu wa kila siku usiohitaji kusimamiwa. Riggs alitoa fedha, Peabody akatoa kazi, na kampuni yao ikahamia Baltimore punde baadaye, ikiagiza majora ya nguo kutoka ng'ambo na kuyauza kwa wenye maduka wa majimbo ya kusini. Na hapa yapasa kusimama kidogo, kwa maana hapa ndipo mlipo ufunguo wa kaburi lile la Salem: faida ya kwanza ya maana aliyoipata kijana huyu hakuitumia kujijengea nyumba, wala kujinunulia jaha mbele ya matajiri wa Baltimore, bali kuyalipa madeni ya marehemu baba yake na kuikomboa nyumba iliyokuwa rehani, hata mama yake akarudi kukaa chini ya dari lake mwenyewe. Kisha akawasomesha wadogo zake, akawapeleka baadhi yao katika shule ya Bradford Academy, na hata watoto wa ndugu zake walipokuja, nao wakasoma kwa mkono wake. Yeye mwenyewe hakuoa. Ukoo wake ulikuwa ni wale aliowakuta na wale waliozaliwa na ndugu zake, na kwa hao alikuwa baba tangu utotoni mwake.

Mwaka 1837 alihamia London, na huko akaishi hadi kufa kwake, akigeuka polepole kutoka kuuza nguo hadi kuwa mwenye benki, akishughulika na hati za madeni ambazo serikali za majimbo ya Marekani na kampuni za reli ziliziuza Ulaya ili kupata fedha za mifereji na njia za treni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana mwaka ule ule mtikisiko mkubwa wa fedha uliipiga Marekani, na majimbo kadhaa, Maryland likiwamo, yakashindwa kulipa riba kwa wakati, hata jina la Mmarekani likawa limechafuka mbele ya wakopeshaji wa London. Peabody alikuwa ameagizwa kuziuza hati za Maryland. Akaendelea kuwaandikia viongozi wa jimbo akiwasihi walipe, huku akiwahakikishia wanunuzi kwamba watalipwa. Maryland lilipopata nguvu tena na kurudia kulipa, Peabody alikataa kupokea dola 60,000 zilizokuwa haki yake ya udalali, kwa hoja kwamba jimbo lililokuwa taabuni halikufaa kuongezewa mzigo. Na mwaka 1848 baraza la jimbo likampa shukrani rasmi. Kwa wafanyabiashara wa siku zile tendo hili lilikuwa la ajabu, lakini aliyejua habari za nyumba iliyokombolewa asingestaajabu, kwa kuwa ni tabia ile ile ikitendwa kwa kiasi kikubwa zaidi: kutia mkono katika deni la mwingine ili heshima ya wote isimame.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kuujua mji wa Salem, kwa kuwa mji huo haukuwa mgeni Unguja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, merikebu za Salem zilizidi kutia nanga mbele ya Forodhani, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko Unguja, Bwana Richard Waters, aliyeshika kazi mwaka ule ule wa 1837 ambao Peabody alihamia London, alikuwa mtu wa Salem na mfanyabiashara wa Salem. Manahodha wake walichukua pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi, wakaleta nguo nyeupe nzito ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nguo ambayo watu wa pwani na wa bara waliipenda kuliko ya Bara Hindi, wakaiita merikani, wakaivaa, na wakaifanya kuwa fedha ya misafara, hata mtu akisafiri hadi Tabora na Ujiji alihesabu utajiri wake kwa majora yake. Kiwanda cha Naumkeag, katika mji wenyewe wa Salem, kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyoifuma nguo hiyo. Biashara ya Peabody ilielekea Uingereza, si kwetu. Lakini mji ulioyapokea mazishi yake ulikuwa umetajirika, kwa sehemu, kwa mizigo iliyobebwa mabegani na watu wa bara letu.

Wala haifai kuyapita haya kwa kuyasifu tu. Pamba iliyofumwa kuwa merikani, na pamba iliyopakiwa kwa wingi kutoka Marekani kwenda Uingereza katika biashara ile ile iliyomtajirisha Peabody, ililimwa na watumwa katika mashamba ya majimbo ya kusini. Na pembe za ndovu zilizorudi Salem zilifika pwani mara nyingi pamoja na misafara ya watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikani ikaadimika Unguja, na mfanyabiashara wa Kihindi au Mwarabu dukani mwake akahisi mtikisiko wa mashamba asiyoyajua. Mali ya watu wa zama zile ilikuwa imefungamana hivyo, bahari kwa bahari, na anayetaka kuusifu ukarimu wa tajiri wa zama zile sharti aijue asili ya fedha zake, ndipo sifa yake iwe na uzito.

Baada ya haya ndipo tuutazame ukarimu wenyewe, ambao kwa jumla ulizidi dola milioni nane, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ulianza nyumbani. Mwaka 1852, mji wa Danvers ulipoadhimisha miaka mia moja, Peabody alialikwa, akashindwa kuhudhuria, akatuma bahasha ifunguliwe wakati wa karamu. Ndani yake mlikuwa na neno lake kwamba elimu ni deni ambalo kizazi kilichopo chawiwa na vizazi vijavyo, pamoja na dola 20,000 za kuanza kulilipa kwa kujenga maktaba na ukumbi wa mihadhara. Aliifikiria elimu kwa lugha ya daftari la duka: ni kitu kinachodaiwa, na mwungwana hulipa. Mwaka 1857 akauanzishia mji wa Baltimore chuo chenye maktaba, mihadhara na masomo ya muziki, ambacho hata leo ni chuo maarufu cha muziki; mwaka 1866 akavipa vyuo vikuu vya Harvard na Yale dola 150,000 kila kimoja kwa ajili ya makumbusho ya elimu za kale za binadamu na za viumbe. Katika hiyo ya Yale alimsikiliza mpwa wake, Othniel Marsh, mwana wa dada yake Mary, ambaye alikuwa amemsomesha tangu ujana, na ambaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa kwanza duniani wa kuchimbua na kuieleza mifupa ya viumbe vikubwa vilivyokwisha zama za kale.

Zawadi yake kwa maskini wa London ndiyo iliyowagusa Waingereza kuliko zote. Mwaka 1862 alitoa pauni 150,000, akaongeza baadaye hata zikafika 500,000, akaziweka mikononi mwa wadhamini kwa masharti machache yaliyoelezwa wazi: fedha ziwafae maskini wa London, wala mtu asiulizwe dini yake wala siasa yake. Wadhamini wakaona kwamba taabu kubwa ya maskini wa mji ule ni malazi, kwa maana jamaa nzima zilisongamana katika chumba kimoja, wakinywa maji machafu na kuzika watoto wao kila mwaka. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1864 huko Spitalfields, katika mtaa wa Commercial Street, kwa ramani ya msanifu majengo Henry Darbishire, nalo lilikuwa na makao hamsini na saba, na maduka tisa upande wa chini pamoja na makazi ya wenye maduka. Orofa ya juu iliwekwa mahali pa kuogea na pa kufulia nguo, na vyoo vikajengwa viwili viwili karibu na ngazi, kila kimoja kwa makao mawili. Leo twaweza kuona haya kuwa machache. Lakini kwa mama aliyezoea kuanika nguo za watoto ndani ya chumba wanamolala na kupika, kupata mahali pa kufulia na hewa ya kukaushia kulikuwa ni tofauti kati ya mtoto mwenye kikohozi na mtoto mzima.

Na hapa yafaa tuone jinsi fedha ile ilivyopangwa, kwa kuwa ndilo somo kubwa la mtu huyu. Peabody hakuzigawa pauni zake kwa mkono, maskini mmoja apate shilingi na mwingine akose. Alizifunga zisiguswe, zikajenga nyumba, nyumba zikapangishwa kwa kodi ambayo mfanyakazi aliimudu, na kodi ile ikajenga nyumba nyingine. Sisi tunaoishi na wakfu tangu zama za mababu hatuna haja ya kuelezwa zaidi: asili ya mali inazuiliwa, manufaa yake yanaachiwa yatiririke. Tofauti ni kwamba nyumba nyingi za wakfu wa pwani zilipangishwa ili kuuhudumia msikiti au madrasa, na nyumba hizi za London zilipangishwa ili kuzaa nyumba nyingine. Na matokeo yake ni kwamba shirika lile, baada ya zaidi ya miaka mia moja na sitini, lingali hai, na nyumba zilizo chini yake zimepita laki moja.

Mfuko mkubwa wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1867, dola milioni moja zilizokuja kuongezwa hata zikafika milioni mbili, kwa ajili ya shule katika majimbo ya kusini yaliyoharibiwa na vita. Miongoni mwa wadhamini wake walikuwamo Jenerali Ulysses Grant na Admirali David Farragut. Mfuko huo ulisaidia shule za watu wote kukita mizizi katika nchi ambayo karibu haikuwa nazo, na ukasaidia kuanzisha mafunzo ya walimu. Lakini uendeshaji wake ulikuwa na dosari isiyofichika: shule za watoto weusi, ambao wazee wao walikuwa wameilima pamba, ziliwekewa kiwango cha msaada cha theluthi mbili tu ya kilichopewa shule za wazungu. Naliandika hili si kwa kumvunjia marehemu heshima, bali kwa kuwa sadaka nayo ina hesabu yake, na mkaguzi mwadilifu haruki mstari. Deni ambalo Peabody alilieleza vizuri kuliko watu wengi wa wakati wake halikulipwa sawasawa kwa wale waliodai zaidi.

Heshima zilimjia, naye akazipokea kwa kuchagua. Malkia Victoria alikuwa tayari kumpa cheo cha baroneti, Peabody akakataa, kwa kuwa cheo kile kingemtaka aache uraia wa nchi yake. Akasema angeridhika na barua ya Malkia, ambayo angeweza kuipeleka nyumbani. Malkia akamwandikia mwaka 1866, kisha akamtumia picha yake ndogo iliyochorwa mahususi kwa ajili yake, nayo Peabody akaiweka katika maktaba ya mji wake wa kuzaliwa, ambao mwaka 1868 ulilibadili jina lake na kuitwa Peabody. Alipojiuzulu katika kampuni yake mwaka 1864, aliliondoa jina lake katika biashara ile, na mshirika wake Junius Morgan akaiendesha kwa jina lake mwenyewe. Alichagua jina lake likae katika maktaba na nyumba za maskini, lisikae katika mlango wa benki.

Kwa mama yake, aliyefariki mwaka 1830 kabla hajauona utajiri wenyewe, alijenga kanisa la ukumbusho huko Georgetown ya Massachusetts, mahali alipozaliwa mama huyo. Na katika safari yake ya mwisho nyumbani, mwaka 1869, akiwa mgonjwa na akijua kwamba siku zake zimebaki chache, aliyaweka tayari mambo ya kaburi lake Harmony Grove. Wakati yuko huko, mwana mrithi wa Malkia alikuwa akiizindua sanamu yake ya shaba karibu na soko la fedha la London, kazi ya mchongaji William Wetmore Story. Watu wa London walikuwa wakimpa kumbukumbu yao. Yeye alikuwa akijichagulia ya kwake.

Alirudi London na kufariki tarehe 4 Novemba mwaka ule. Tarehe 12 ikafanywa ibada kubwa Westminster Abbey, na jeneza likawekwa humo, hata ikajulikana kwamba wasia wake wataka azikwe Salem. Serikali ya Uingereza ikaitoa manowari Monarch, moja ya meli zake mpya na zenye nguvu, ivukishe mwili wa raia wa nchi nyingine, mtu aliyekuwa na duka. Na siku zile uhusiano wa nchi hizi mbili ulikuwa na machungu mengi yaliyobaki na vita vya Marekani, hata safari ile ya maziko ikawa pia safari ya suluhu. Ilifika Portland, jimbo la Maine, mwishoni mwa Januari 1870, katika baridi kali. Admirali Farragut, yule mdhamini wa mfuko wa shule, akaupokea mwili. Watu wakapita mbele ya jeneza Portland, kisha katika maktaba ya Peabody aliyoijenga yeye mwenyewe. Na tarehe 8 Februari, baada ya taabini ya Bwana Robert Winthrop, iliyosikilizwa na Prince Arthur, mwana wa Malkia, akazikwa. Huko London, mahali alipolazwa kwa muda, lipo jiwe sakafuni lenye kueleza hivyo, na wageni hulikanyaga wakielekea kwenye makaburi ya wakubwa.

Masheikh wetu hutufundisha kwamba mwanadamu akifa, amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Peabody hakuwa wa dini yetu, lakini kipimo hicho chamfaa, na kwacho twaweza kuliona kaburi lake kwa uwazi. Sadaka yenye kuendelea ni zile nyumba za London. Elimu yenye kunufaisha imo katika maktaba, chuo cha muziki na makumbusho. Na mojawapo lapasa kutajwa na Mswahili kwa shukrani, kwa kuwa mwaka 1867 alitoa dola 140,000 zilizouokoa ukumbi na hazina ya chama cha manahodha wa Salem, kilichoanzishwa mwaka 1799, na kutoka humo likakua jumba la makumbusho ambalo hadi leo lina barua, hesabu na kumbukumbu za safari za watu waliofanya biashara Unguja zama za Sayyid Said. Mwenye kutaka kuijua historia ya bandari yetu katika karne ya 19, bei ya sandarusi, ugomvi wa forodhani, majina ya madalali wa Kihindi na kadiri ya merikani iliyoteremshwa, hana budi apitie karatasi zilizohifadhiwa kwa fedha za mtu yule. Na la tatu, mtoto, alilikosa kwa damu. Ndiyo maana akajitafutia mahali kati ya mama yake na ndugu zake, akazikwa kama mtoto badala ya kuzikwa kama baba.

Kuna matajiri wanaoanza na kaburi. Hujenga kuba ilhali deni halijalipwa, nao huchonga jina lao kwa herufi ndefu juu ya mlango huku mpwa wao anafukuzwa shule kwa kukosa ada, na mafundi waliolichonga jiwe wanasubiri ujira wao. Peabody alilitanguliza la kutanguliza: deni la baba, nyumba ya mama, masomo ya ndugu, kisha mji, kisha wageni asiowajua wala kuwaona, na kaburi likaja mwisho, likipokea kilichobaki, nacho kilikuwa ni mwili tu. Kwa sababu hiyo halikuhitaji kuwa kubwa. Jiwe la kaburi halina kazi ya kuongeza kitu katika hesabu ya marehemu. Kazi yake ni kuifunga, na hesabu huweza kufungwa kwa heshima pale tu mistari yake ilipoandikwa mtu angali hai, kwa mkono wake mwenyewe, na wale waliodai kwanza wakawa ndio waliolipwa kwanza. Mwenye mali katika nchi zetu, awe wa duka moja au wa maduka mia, akitaka kujua jiwe lake lafaa liwe la namna gani, asianze kwa fundi mwashi. Aanze kwa kuuliza ni nani nyumbani kwake bado anamdai.